Je, wajua kwa nini simfoni moja (utungo mrefu wa okestra) ya mtunzi wa Kirusi Tchaikovsky haisikiki sawa kwa viongozi wawili wa okestra wa Kirusi?

Nota ni zile zile. Lakini mtunzi hawezi kuandika kila kitu. Kwenye sehemu ya mwisho ya Simfoni ya 4, Tchaikovsky aliagiza ipigwe kwa haraka na kwa moto. Moto wa kiasi gani? Hapo ndipo kiongozi wa okestra anapoingia.

Yevgeny Mravinsky aliirekodi London mwaka 1960 na okestra yake ya Leningrad. Sehemu hiyo inakwisha kwa dakika 8 hivi. Fidla zinakimbia mpaka unahofia zitajikwaa, ila kila nota inasikika wazi. Siri yake haikuwa kijiti cha kuongozea. Aliiongoza okestra hiyo kuanzia 1938 hadi alipofariki 1988, na hata kazi ambazo wapigaji walishazijua kwa moyo aliwarudisha mazoezini kuzisafisha upya.

Yevgeny Svetlanov, aliyeshika Okestra ya Taifa kule Moscow tangu 1965 hadi 2000, alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa. Aliziachia tarumbeta na honi zijae, sauti zikitetema kwa mtindo wa Kirusi wa zama hizo, na uzeeni mwendo wake ulizidi kuwa mzito. Wapo wanaomwona amepitiliza. Mimi kwa Tchaikovsky naanza na Mravinsky, lakini nikitaka kutikiswa namfuata Svetlanov.

Hata mahali pa kukaa pana maana. Mravinsky aliweka fidla za kwanza kushoto na za pili kulia, zikitazamana. Sasa sikiliza Simfoni ya 6, mwanzo wa sehemu ya mwisho: wimbo ule wa huzuni haupigwi na kundi lolote peke yake. Fidla za kwanza zina nota moja, za pili zina inayofuata, zikipokezana hivyo hivyo. Ukisikiliza kundi moja tu, hakuna wimbo. Makundi yakikaa pamoja upande mmoja, kama ilivyo kwa okestra nyingi siku hizi, ujanja huo unafichika.

Vaa spika za masikioni uweke rekodi ya Mravinsky ya Simfoni hiyo ya 6, ya mwaka 1960: wimbo unarukaruka kushoto na kulia. Baadaye wimbo huo unaporudi, Tchaikovsky anazipa fidla za kwanza wimbo mzima, nao unatulia upande wa kushoto.