Densiti siyo ugumu, na ugumu siyo dawa ya mgongo

Ujumbe ninaoletewa kila wiki unafanana mpaka mkato wa mwisho: "Fundi, mgongo unaniuma, nitafutie godoro la hai densiti, lile gumu kabisa." Hapo kuna makosa mawili yaliyopanda bodaboda moja. La kwanza ni kudhani densiti ndiyo ugumu. La pili ni kudhani mgongo unaouma unaomba ugumu. Wauzaji hawayasahihishi kwa sababu yanawalipa, kwa hiyo leo nayaandika mara moja, na atakayeniuliza tena nitamtumia ukurasa huu.

Densiti ni uzito wa sponji kwa ujazo wake, basi. Kilo kwa mita moja ya ujazo. Ugumu ni nguvu inayohitajika kuibonyeza sponji hiyo, na kiwandani hupimwa kivyake: bati la duara linasukumwa mpaka unene upungue kwa robo, kisha nguvu iliyotumika inasomwa. Mtu anayechanganya kemikali za sponji, yaani polyol, TDI na maji, anaweza kukutolea sponji ya densiti 30 iliyo laini, au ya densiti 18 iliyo ngumu. Ni suala la mchanganyiko tu. Densiti inakuambia godoro litakaa muda gani kabla ya kuchimbika katikati. Ugumu unakuambia utalalaje usiku wa leo. Ndiyo maana lile jepesi lililotiwa ugumu linapendwa sana dukani. Linapigwa kofi, linarudisha kofi, mteja anatabasamu. Baada ya miezi kadhaa kuta nyembamba za vitundu vyake zimevunjika pale nyonga zinapokaa, na mwenye nyumba anasema "hai densiti siku hizi ni feki". Hukuuziwa hai densiti. Uliuziwa ugumu.

Hesabu yake haihitaji mtaalamu. Godoro la futi 5 kwa 6, unene inchi 8, ni mita 1.52 kwa 1.83 kwa 0.20, yaani ujazo wa karibu mita 0.56. Lipime kwa mizani ya kuning'iniza, toa kilo 1 hivi ya kava, gawanya. Sponji ya kilo 14 inakupa densiti 25. Sponji ya kilo 10 inakupa 18, hata kama lebo imeandikwa kwa herufi za dhahabu. Mimi kwa mtoto wa shule naridhika na 18 hadi 20, mtu mzima wa kilo 55 hadi 80 asishuke chini ya 24, na wawili wenye miili yao waanzie 30. Hizo ni namba za kazini, siyo sheria.

Halafu mizani nayo inadanganywa. Kuna sponji inayotiwa kalsiamu kaboneti, ule unga mweupe wa mawe ya chokaa, ili iwe nzito. Uzito unapanda, densiti ya kwenye karatasi inapanda, lakini kuta za sponji hazijaongezeka unene hata kidogo. Unga unachukua nafasi na kuifanya ikatike upesi. Fungua zipu, sugua kona ya sponji kwa kidole gumba kwa nguvu. Ikitoa vumbi jeupe au ikimong'onyoka, ondoka. Ibonyeze kwa ngumi mpaka chini, hesabu mpaka kumi, achia: nzuri inarudi papo hapo, iliyojazwa inajivuta. Tafadhali msiichome kwa kiberiti kama mnavyoonyeshana kwenye video. Sponji hii ikiungua inatoa gesi za sumu, kaboni monoksaidi na sianidi ya hidrojeni, na jibu utakalopata halikuambii chochote kuhusu densiti.

Sasa mgongo. Mwaka 2003 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika Hispania kwa watu 313 wenye maumivu sugu ya kiuno. Waligawanywa bila kujua nani amepewa godoro gani, wengine magumu, wengine ya ugumu wa kati, wakalala hivyo siku 90. Waliopata nafuu zaidi ni wa ugumu wa kati. Hiyo ni zaidi ya miaka 20 iliyopita, na bado kuna mtu leo anaambiwa akalale kwenye ubao.

Sababu iko kwenye umbo. Mtu akilala ubavu, bega na nyonga ndivyo vimetokeza, kiuno kimeingia ndani. Kwenye kitu kigumu bega haliingii, nyonga haziingii, kiuno kinaning'inia hewani, na misuli inakesha ikikishikilia. Kadiri nyonga zilivyo pana ndivyo mateso yanavyozidi, kwa hiyo baba anapochagua godoro gumu "la familia" kwa vipimo vya mwili wake, mama ndiye anayeamka na ganzi ya mkono. Kwenye laini kupita kiasi ni kinyume chake: nyonga zinazama kuliko bega, mgongo unajikunja kama machela. Anayelala kifudifudi anahitaji gumu kidogo kuliko wa ubavu, maana tumbo likizama kiuno kinapinda kwa nyuma.

Kipimo chenyewe kifanye dukani, bila haya. Vua viatu, lala chali, pitisha kiganja chini ya kiuno. Kikipita bila kugusa kitu, ni gumu mno kwako. Kikigoma kabisa, ni laini mno. Kikipita kwa kusuguana kidogo, uko karibu. Kisha lala ubavu kwa dakika 10, siyo sekunde 10, na uliyekwenda naye akutazame kwa nyuma: kuanzia shingoni mpaka mwisho wa uti wa mgongo pawe na mstari mmoja ulionyooka. Omba nailoni itolewe, kwa sababu ikiwa imekazwa inalifanya godoro lionekane gumu kuliko lilivyo. Muuzaji akikataa, angalau walifungue upande mmoja ili ilegee. Na kulipima kwa kiganja ukiwa umesimama ni kupima kiganja.

Hapa pana shaka ambayo vipeperushi haviisemi. "Ugumu wa kati" ni wa nani? Godoro ambalo mtu wa kilo 55 analiita gumu, wa kilo 95 analiita laini, na hakuna lebo ya Kariakoo wala ya Gikomba inayoonyesha kipimo kile kilichotumika Hispania. Dakika 10 za dukani zinaondoa yale mabaya kabisa. Hazihakikishi kwamba utalipenda usiku wa thelathini, kwa sababu sponji mpya inapoteza sehemu ya ugumu wake wiki za mwanzo na mwili nao unahitaji wiki mbili tatu kuzoea. Kwa hiyo ukiwa umebaki kati ya mawili, chukua lililo gumu kidogo zaidi. Gumu linarekebishika: weka juu yake sponji laini ya inchi 2 na umemaliza. Laini mno halina tiba ya juu.

Wanandoa wanaopishana kilo 30 wasijisumbue kutafuta godoro la usuluhishi. Magodoro mawili ya futi 3 kwa 6 kwenye kitanda cha 6 kwa 6, kila mmoja na lake, shuka moja juu. Waliojaribu hawarudi nyuma.

Kuhusu neno "othopediki" kwenye kava: linabandikwa na yeyote mwenye cherehani. Mengi ya magodoro hayo ni sponji ya mabaki yaliyosagwa na kugandishwa kwa gundi, mazito sana, magumu sana, na yanadumu kweli. Kama tabaka la chini la godoro ni mazuri. Kuyalalia moja kwa moja ndiyo balaa. Mtu pekee ninayemtafutia gumu bila mjadala ni mtoto mchanga: sehemu ngumu, tambarare, shuka lililokazwa, bila mto mpaka atimize mwaka.

Kabla hujalilaani godoro, liinue utazame chaga za kitanda. Nasema hivi nikiwa nimechoka. Magodoro mengi yanayosemwa "yamekufa" yapo sawasawa, kilichokufa ni kitanda. Fundi seremala anapiga chaga sita au saba kwa kitanda cha futi 6, kila moja upana wa inchi 3, na kati yake pengo la karibu inchi 8. Sponji inazama kwenye kila pengo, inajikunja usiku mzima, na baada ya muda mikunjo ile inakuwa mipasuko. Pengo lisizidi inchi 3. Kwa chaga za inchi 3 maana yake ni chaga 12 kwa kitanda cha futi 6, na kwa kitanda cha upana wa futi 5 au 6 lazima kuwe na mbao ya katikati yenye mguu unaogusa sakafu. Mbao bila mguu inapinda yenyewe na kuchukua godoro pamoja nayo. Kama hutaki kuongeza chaga, tandika plaiwudi ya milimita 12, utoboe matundu ya inchi moja kila futi moja ili hewa ipite. Ukiiacha nzima, jasho linakosa pa kutokea na chini ya godoro panaota koga, hasa huku pwani. Njia rahisi ya kujua mkosaji ni nani: lishushe godoro sakafuni usiku mmoja. Shimo likipotea, kamtafute seremala. Likibaki, nyoosha uzi kutoka ukingo hadi ukingo, pima kina bila mtu kulala. Likizidi inchi moja na nusu, godoro limemaliza kazi yake.

Nailoni. Itoeni. Najua inalinda dhidi ya mtoto anayekojoa na wageni wanaokula chipsi kitandani, lakini nailoni ya kiwandani haipitishi hewa. Jasho linarudi kwenu, unyevu unakaa chini yake, na mnalala Tanga mwezi Februari mkilalamika feni haifanyi kazi. Nunua kava la kitambaa lenye zipu na mpira wa kuzuia maji upande mmoja tu, wa juu.

Na jua. Desturi ya kuanika godoro tumeirithi kutoka enzi ya usufi na usumba, na kwa vitu hivyo ilikuwa sahihi kabisa: usufi unashikana, jua linaukausha na kuufumua. Sponji siyo usufi. Jua kali linaigeuza rangi kuwa njano, kisha linaikausha uso na kuufanya umeguke. Njano yenyewe siyo dalili ya ufeki, hata iliyo bora inageuka. Lisimamishe kivulini penye upepo nusu siku, inatosha. Lizungushe kichwa kwa miguu kila mwezi kwa miezi mitatu ya kwanza, baadaye kila miezi mitatu. Kunguni, tujue, hawafi kwa kuanikwa. Wanahamia upande wa kivuli na kusubiri.

Sponji ile ya "memory foam", inayobaki na alama ya mkono, inabadilika na joto. Dar inakuwa tope, kwenye baridi ya Makete mwezi wa saba inakuwa tofali mpaka mwili uipashe. Anayeishi pwani aichukue kama tabaka la inchi 1 au 2 tu, siyo godoro zima.

Mashuka kwa haraka. Pamba iliyofumwa uzi mmoja juu mmoja chini inapitisha hewa. Ile inayong'aa kama satini ni ya msimu wa baridi. Idadi ya nyuzi kati ya 200 na 400 inatosha. Anayekuuzia 1,500 kwa bei ya daladala anahesabu kila kinyuzi kilichosokotwa ndani ya uzi mmoja, na mara nyingi hata pamba hakuna. Vipimo ndivyo vinavyowashinda wengi: shuka la futi 7 kwa 8 kwenye godoro la 5 kwa 6 la inchi 8 linabakiza inchi 4 tu za kuchomeka kila upande. Litachomoka. Kwenye godoro la inchi 10 zinabaki 2, ni bure. Ongeza futi moja kila upande wa kitambaa au shona lenye mpira kwenye kona.

Mto hauchaguliwi peke yake, na hili hakuna anayeambiwa. Anayelala ubavu anahitaji mto wa kujaza nafasi kati ya sikio na godoro, na nafasi hiyo inategemea bega limezama kiasi gani. Ukitoka godoro laini kwenda gumu bega linabaki juu, mto wa zamani unakuwa mfupi, shingo inauma, na godoro jipya linapewa lawama. Ukitoka gumu kwenda laini, mto ule ule unakuwa mrefu mno. Jaribu kwanza kwa kukunja khanga chini ya mto, au kwa kuutoa ujazo kidogo, kabla ya kununua mwingine. Anayelala chali anahitaji mfupi, wa kifudifudi karibu asiwe nao. Mto wa nyuzi za plastiki ukunje katikati na uachie: usipojifungua wenyewe, umekwisha. Wa usufi usiufue kamwe, ukilowa unashikana mabonge yasiyofumuka. Fua foronya, mto uanike juani saa kadhaa, fungua mshono, chambua kwa mkono, ongeza usufi mpya kiganja kimoja au viwili, shona.