Mtoto Amepunguza Kucheza Tumboni: Usingoje Kukuche

Mimba yangu ina wiki 35. Tangu jana mtoto hachezi kama nilivyomzoea. Mama mkwe anasema ametulia, anajiandaa kuzaliwa. Ni kweli?

Si kweli, na kwa heshima zote kwa mama mkwe, usimsikilize katika hili. Mtoto huzidi kucheza hadi karibu wiki ya 32, kisha hubaki hivyo mpaka uchungu, na hata wakati wa uchungu hucheza. Kinachobadilika ni namna ya kucheza. Nafasi imembana, kwa hiyo utasikia anajinyoosha, anajigeuza, anasukuma kwa kiwiko kuliko kurusha mateke. Wingi haupaswi kupungua.

Acheze mara ngapi kwa siku?

Hakuna hesabu moja ya watoto wote. Mjue wako: huchangamka saa ngapi, hutulia saa ngapi. Hulala pia, kwa kawaida dakika 20 hadi 40, ni nadra kuzidi 90. Kwikwi usizihesabu.

Nikipata wasiwasi nianze na nini?

Kama ulishinda shambani au sokoni, huenda alicheza usimsikie. Lala ubavu wa kushoto, weka simu mbali, msikilize kwa saa 2. Asipofikisha mara 10, nenda kituoni. Lakini kama hachezi kabisa, au unatoka damu, chupa imepasuka, kichwa kinauma sana, macho yanaona ukungu au tumbo linauma bila kuachia, usikae kuhesabu. Nenda saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane na tarehe yako ya kliniki ni wiki ijayo.

Soda baridi haitamwamsha?

Soda itakupotezea muda tu.

Haraka yote hiyo ya nini?

Mtoto hupata hewa na chakula kupitia kondo la nyuma. Kondo lisipofanya kazi vizuri, mathalani kwa sababu ya presha ya mimba, au likianza kubanduka, mtoto hubana nguvu zake, na kucheza ndiko anakopunguza. Kwa wengine hiyo ndiyo dalili pekee mama anayoipata, na bado kuna nafasi ya kumwokoa. Ndiyo maana naumia nikisikia mama alivumilia siku mbili akiogopa kuonekana msumbufu.

Huko watanifanyia nini?

Mkunga atasikiliza mapigo ya moyo wa mtoto (kawaida ni 110 hadi 160 kwa dakika), atapima presha, mkojo na ukubwa wa tumbo. Mapigo yakisikika ni habari njema, ila hayaelezi kila kitu. Uliza kama unahitaji kipimo cha ultrasaundi au rufaa. Wengi hukutwa watoto wao wako salama.

Juzi niliambiwa yuko salama. Leo amepunguza tena, naona aibu kurudi.

Rudi leo, dada yangu, na kadi yako ya kliniki mkononi. Mwambie mkunga wazi kwamba hii ni mara ya pili, maana kupungua kunakojirudia kunahitaji uchunguzi wa kina zaidi.