Kusoma mtandaoni: nini hasa humridhisha mwanachuo?

Dhana: Intaneti ikiwa na kasi, mwanafunzi ataridhika.

Mtandao ukikatika katikati ya mtihani hakuna atakayefurahi, hilo halina ubishi. Ukishatulia, malalamiko huhamia kwingine: mhadhiri hajibu maswali, kazi inarudi na alama tupu bila maelezo, tarehe ya kukusanya imeandikwa hivi hapa na vile pale. Mwaka 1989, Michael G. Moore, mtaalamu wa elimu masafa, aliyagawa mawasiliano ya kujifunzia mafungu matatu: mwanafunzi na somo, mwanafunzi na mwalimu, mwanafunzi na wenzake. Kozi nyingi huishia fungu la kwanza. Slaidi zinapandishwa, mhadhara unarekodiwa, basi. Mwanafunzi anabaki kama msomaji wa barua asizoweza kuzijibu, na kwa maoni yangu hapo ndipo kutoridhika kwingi kunapoanzia.

Dhana: Video za studio ndizo humvutia.

Utafiti uliotolewa 2014 kuhusu kozi za edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, ulichambua mamilioni ya vipindi vya kutazama video. Zilizoshika watazamaji zaidi ni fupi, za chini ya dakika 6, na mwalimu aliyerekodiwa mezani kwake aliweza kumshinda yule wa studio ya gharama. Kutazama si kuridhika, najua, lakini pesa za kamera zingeweza kumlipa msaidizi wa kujibu maswali.

Dhana: Mwaka 2020 ulithibitisha kwamba kusoma mtandaoni hakufai.

Kilichofanyika wakati wa korona kilikuwa ufundishaji wa dharura. Kozi kamili ya mtandaoni huandaliwa kwa miezi 6 hadi 9; ile iliandaliwa kwa siku chache.

Dhana: Aliyeridhika ndiye aliyejifunza.

Hii ndiyo ngumu kuing'oa, maana vyuo hupenda dodoso la mwisho wa muhula. Jaribio la darasa la fizikia Harvard, lililochapishwa 2019, lilihusu madarasa ya ana kwa ana, ila linagusa hata mtandao. Waliofundishwa kwa kushirikishwa walifanya vizuri zaidi kwenye mtihani, huku wenyewe wakihisi wamejifunza kidogo kuliko waliosikiliza mhadhara laini. Jasho la kufikiri walilidhani dalili ya kutoelewa. Dodoso linalouliza tu "umeridhika?" lingempa mwenye mhadhara huo laini maksi za juu.