Kulea mtoto wa mtu Unguja na Pemba: yanayosemwa na yalivyo

"Mtoto akipelekwa nje ndiyo kapona."
Kifungu cha 21 cha Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao Tanzania iliuridhia 1991, kinaiweka njia ya kuasiliwa nje ya nchi nyuma: ifikiriwe pale tu mtoto asipopata malezi yanayofaa nchini mwake. Na kumpandisha ndege kwa "shangazi" wa Muscat au Dubai si kuasili hata kidogo. Bila amri ya mahkama, akifika huko ni mgeni wa viza asiye na mlezi kisheria.

"Dini imekataza."
Kilichokatazwa ni kumnasibisha, yaani kumpa nasaba isiyo yake. Aya ya 5 ya Suratul Ahzab inataka watoto waitwe kwa baba zao, haikusema wasilelewe. Malezi hayo ndiyo kafala, na Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya 2011, imeitaja kwa jina hilo hilo.

"Basi tumwandikishe kwa jina letu, asijione mpweke."
Huruma hiyo humgharimu mtoto baadaye, hasa wa kike. Siku ya ndoa mlezi hukaa mbele ya kadhi kama walii (msimamizi anayemwozesha bibi harusi), naye si walii. Kwa Mashafi, ambao ndio wengi visiwani, ndoa bila walii haisihi. Haki hiyo ni ya baba mzazi, babu mzaa baba, kaka, ami, wakikosekana, kadhi. Na visiwa vyenyewe vidogo: aliyefichwa nasaba yake anaweza kuposwa na nduguye wa damu. Akiwa mtoto wa kuokotwa, afisa ustawi wa jamii aulizwe kabla cheti hakijajazwa.

"Akibaleghe ataondoka tu, si maharimu."
Maharimu ni jamaa wasioweza kuoana. Kunyonya kunalitatua hili, kwa kuwa humfanya mtoto kuwa jamaa wa aliyemnyonyesha, lakini muda wake ni mfupi: mara tano, kila mara aache mwenyewe, kabla hajatimiza miaka miwili ya mwandamo. Maziwa ya kopo hayahesabiwi. Yaliyokamuliwa akanyweshwa kwa kikombe yanahesabiwa.

Wengi hukosea katika kumchagua mnyonyeshaji. Kwa mtoto wa kike, anayehitaji kuwa maharimu ni baba mlezi. Kwa hiyo anyonyeshwe na dada wa mume au mama yake mume, au na mke mwenyewe ikiwa ana maziwa ya uzazi wa mume huyo. Akipelekwa kwa dada wa mke, kama inavyofanyika mara nyingi kwa kuwa ndiye aliye karibu, mama mlezi anakuwa khaloo (mama mdogo au mkubwa) lakini mume anabaki ajinabi, asiye maharimu. Mtoto wa kiume ni kinyume chake: huyo ndiye wa kupelekwa kwa dada au mama wa mke.

"Wote walio kwenye nyumba za watoto ni yatima."
Yatima ni aliyefiwa na baba kabla ya kubaleghe. Katika nyumba kama ile ya serikali Mazizini, mtoto anaweza kuwa na mzazi hai aliyeshindwa kumtunza, au jamaa ambao hawajatafutwa. Ndiyo maana ndugu huanza kutafutwa kabla mlezi mwengine hajafikiriwa.

"Mama yake kanipa mwenyewe, karatasi za nini?"
Za siku anapohitaji pasi, au operesheni inayotaka saini, au siku mama anapobadili nia. Anzeni kwa sheha (kiongozi wa shehia yenu), kisha afisa ustawi wa jamii wa wilaya. Atafika nyumbani kuona mtoto atalala wapi na nani mwengine anaishi humo (chumba cha kupanga si kosa, kuficha mtu ndiko kosa). Mwisho ni mahkama.

"Mlezi akifa, mtoto hatoki na kitu."
Kweli si mrithi, hata aliyenyonya. Lakini mlezi anaweza kumwandikia wasia hadi thuluthi ya kinachobaki baada ya maziko na madeni. Ikibaki shilingi milioni 54, milioni 18 zinaweza kuwa zake bila warithi kuombwa ridhaa. Wasia uandikwe mbele ya mashahidi wawili.

Anayetaka kumpa zaidi ampe hiba, yaani zawadi, angali mzima, na amkabidhi kweli. Kiwanja kilichotolewa kwa mdomo huku hati ikibaki kabatini kwa mlezi kitagawiwa pamoja na mirathi.