Dawa za Kichina kwa Tumbo Linalovurugika: Dhana Potofu na Ukweli

Mtu wa Mbeya, Iringa au Makambako ambaye kwa miezi mingi tumbo linamjaa gesi na kumkata, choo kikiwa chepesi wiki hii na kigumu wiki ijayo, hutajiwa chango, vidonda vya tumbo, amiba na taifodi kabla hajaonana na daktari. Wachache huambiwa kwamba huenda ni hali ya utumbo kufanya kazi bila mpangilio, ambayo hospitalini hufupishwa kwa herufi IBS. Wengine siku hizi huelekezwa kwenye dawa za Kichina. Tiba hiyo si ngeni nchini, kwa kuwa madaktari kutoka China walifika Zanzibar mwaka 1964 na Tanzania Bara mwaka 1968, kabla hata ujenzi wa reli ya TAZARA haujaanza; kilicho kipya ni madai yanayouzwa pamoja nayo.

"Mashine imesoma mwili mzima na kukuta utumbo mchafu"

Mgonjwa hushikishwa kijiti cha chuma kilichounganishwa kwa waya na kompyuta, na baada ya dakika chache hupewa kurasa kadhaa zinazotaja ini, figo, kongosho na utumbo, kila kimoja na alama yake, halafu makopo hupangwa mezani. Wapo wanaoamini kwamba huo ndio utaalamu wa Kichina wenyewe. Sivyo. Tabibu wa jadi wa China hutazama ulimi, hupapasa mapigo ya damu kwenye vifundo vya mikono yote miwili, na huuliza kwa kina kuhusu choo, usingizi, hamu ya kula na hasira. Kijiti hicho hakimo katika jadi hiyo, wala hakimo katika tiba ya hospitali.

IBS yenyewe haina mashine ya kuionyesha, kwa sababu utumbo wa mgonjwa ukitazamwa huonekana mzima. Hutambuliwa kwa maelezo yake: kwa mujibu wa vigezo vya Roma, ambavyo madaktari hutumia kutambua matatizo ya utumbo ya aina hii, vilivyotolewa upya mwaka 2016, maumivu yawe yametokea kwa wastani walau siku moja kwa wiki katika miezi mitatu iliyopita, yaambatane na walau mawili kati ya haya matatu: kuhusiana na kwenda choo, mabadiliko ya mara za kwenda choo, na mabadiliko ya umbo la choo, na dalili ziwe zilianza walau miezi sita nyuma. Damu kwenye choo, kupungua uzito bila sababu, upungufu wa damu, homa, au tumbo lililoanza kusumbua baada ya umri wa miaka 50 ni mambo yanayotaka uchunguzi wa hospitali kwanza.

Dawa ya "kusafisha utumbo" inayofuata ripoti ya namna hiyo inaweza kuwa na sanamaki, ambayo huulazimisha utumbo mpana kujikamua. Mwenye IBS ya kuharisha huzidishiwa kile kile alichokuja kukilalamikia, kisha huambiwa kwamba ni sumu zinatoka.

"Imethibitishwa kuponya", na ya pili, "ni ulaghai mtupu"

Kauli hizi zinapingana, na zote mbili zinaruka ushahidi. Mwaka 1998 jarida la kitabibu la Marekani, JAMA, lilichapisha jaribio lililofanyika Australia kwa wagonjwa 116 wa IBS. Kwa wiki 16, kundi moja lilitumia mchanganyiko uleule wa mitishamba ya Kichina kwa wote, la pili likaandaliwa kila mgonjwa mchanganyiko wake, na la tatu likapewa vidonge visivyo na dawa. Makundi mawili ya mitishamba yalipata nafuu kuliko la tatu, na wiki 14 baada ya kuacha, ni wale walioandaliwa dawa mmoja mmoja tu walioendelea kuwa na nafuu. Lakini mwaka 2006 jaribio la Hong Kong kwa wagonjwa 119 wenye IBS ya kuharisha halikuona tofauti kati ya mitishamba na dawa isiyo na kitu. Tiba ya sindano za Kichina nayo, kwa mapitio ya mwaka 2012 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima ushahidi wa tiba, haikuzishinda sindano za kuigiza.

Kwa maoni yangu, anayesoma matokeo hayo akiwa hana duka wala chuki atasema kwamba baadhi ya michanganyiko huenda ikawapunguzia baadhi ya watu dalili, basi. Kuponya hakumo, hata dawa za hospitali kwa IBS hutuliza tu. Tena kilichojaribiwa Australia sicho kilichomo kwenye kopo la stendi. Mchanganyiko unaojulikana sana China kwa tumbo la kuharisha lenye maumivu, Tong Xie Yao Fang, una vitu vinne, kimojawapo maganda makavu ya chenza, na kopo lisiloorodhesha viambato haliwezi kudai undugu nao. (Kuangalia kwanza kama maharage, vitunguu, kabichi au maziwa ndivyo vinavyochochea gesi hakugharimu kitu.)

"Bandama yako ni dhaifu"

Katika nadharia ya Kichina, bandama husimamia kazi ya kusaga chakula na kukigeuza nguvu. Anayeambiwa hivyo hajaambiwa kwamba kiungo kilicho chini ya mbavu za kushoto kinaumwa, wala hahitaji kukimbilia ultrasaundi kwa sababu hiyo.

"Ni mitishamba, haidhuru"

Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake zaidi ya 100 waliharibika figo kwa vidonge vya kupunguza unene ambamo mmea mmoja wa Kichina ulikuwa umechukuliwa nafasi na mwingine wa jamii ya Aristolochia, ambao asidi yake husababisha pia saratani ya njia ya mkojo.

Kwa Nyanda za Juu Kusini kuna la karibu zaidi. Njombe, Iringa na Mbeya ni miongoni mwa mikoa yenye kiwango kikubwa cha VVU nchini, na dolutegravir, iliyomo katika kidonge cha ARV kinachotumiwa na wengi, hunyonywa kidogo mwilini ikimezwa pamoja na virutubisho vyenye kalsiamu, chuma, magnesiamu au zinki, ambavyo huuzwa pia kwa jina la dawa za Kichina. Anayetumia ARV apeleke kopo lenyewe kliniki kabla ya kulifungua. Mhudumu atasoma viambato na kumpangia muda wa kumeza kila kimoja, kwa kawaida ARV itangulie kirutubisho kwa saa mbili au ikifuate baada ya saa sita.