Mbona joho la Bikira Maria ni jeupe kwenye picha za zamani?

Hili swali naulizwa sana na watu wanaopekua picha za miaka ya 1850 na 1860 zilizopigwa michoro ya kanisani. Mchoro wenyewe ukiuona leo joho ni bluu kabisa, kwenye picha karibu jeupe. Hakuna aliyelipaka upya, ni dawa ya kwenye kioo.

Enzi hizo walitumia kolodioni mbichi, kimiminika kinachonata, yaani unaimwaga kwenye kioo, unakichovya kwenye nitrati ya fedha, unapiga na kusafisha kabla hakijakauka, dakika chache tu. Sasa dawa ile inaona zaidi bluu na urujuani, nyekundu haioni, njano kidogo mno. Kwa hiyo bluu inatoka nyeupe, nyekundu na dhahabu zinatoka giza, na sanaa ya Kikristo ya Ulaya imejaa rangi hizohizo! Nafuu kidogo ilikuja 1873, mkemia Mjerumani Hermann Vogel alipogundua kwamba ukichanganya rangi fulani kwenye dawa inaanza kuona kijani na njano.

Wengine walikwepa tabu hiyo kwa kupiga picha nakala ya kuchapwa, iliyochongwa kwenye bamba na fundi mwingine, badala ya mchoro wenyewe. Kitabu cha William Stirling cha wasanii wa Hispania, 1847, kina picha 66 na nyingi ni za namna hiyo, na hili linanisumbua kuliko rangi kwa sababu unadhani unaangalia mkono wa msanii kumbe ni wa mchongaji.

Aliyenivutia zaidi ni mpiga picha Adolphe Braun wa Dornach, Alsace, Ufaransa. Alipiga sana michoro ya chaki na wino ya kwenye makumbusho, ambayo haina rangi nyingi za kupotosha, halafu akachapisha kwa njia ya kaboni ya Joseph Swan, rangi ndani ya jelatini badala ya fedha, hivyo mchoro wa chaki nyekundu aliuchapa kwa wekundu uleule na mpaka leo haujafifia.

Mwishoni mwa miaka ya 1860 akapiga dari la kanisa dogo la Sistine, Vatikani, lililochorwa na Michelangelo. Picha hizo ni hazina kwelikweli, maana zinaonyesha dari kabla ya usafishaji mkubwa ulioanza 1980, ila tafadhali ukiona sehemu nyeusi usikimbilie kuandika kwamba Michelangelo aliweka kivuli pale, inaweza kuwa kivuli kweli, inaweza kuwa masizi ya mishumaa, inaweza kuwa nguo nyekundu tu, na picha peke yake haitakwambia ni ipi.