Kuhama kutoka kizuia jasho kwenda deodoranti ya asilia: maana yake hasa

Mwezi Machi, joto la Dar es Salaam likiwa halina huruma, mtoto wa dada yangu alinipigia simu akiwa ndiyo kwanza ameshuka daladala Posta. "Mama mdogo, hii deodoranti ni feki. Blauzi imelowa mpaka mbavuni." Siku tatu kabla alikuwa ameacha rolon yake ya miaka yote na kununua ya asilia, kikopo kidogo cha mafuta ya nazi na nta ya nyuki. Nikamuuliza swali moja: unanuka? Akanyamaza kidogo, nadhani alikuwa anajinusa, akasema hapana. Basi haikuwa feki. Ilikuwa inafanya kazi yake, ila yeye alikuwa anaidai kazi ya mwenzake.

Mkanganyiko unaanzia kwenye jina. Kila kinachopakwa kwapani tunakiita rolon au deodoranti, kumbe ndani ya jina hilo kuna vitu viwili. Kizuia jasho kinashughulika na maji. Deodoranti inashughulika na harufu. Ukiwa dukani, geuza kichupa usome viambato. Ukikuta neno linaloanza na "aluminium", umeshika kizuia jasho, hata kama mbele pamechorwa ua.

Chumvi hizo za alumini, zikikutana na jasho kwenye mdomo wa kijitundu cha ngozi, huganda zikawa kama uteute mzito na kuziba njia. Kizibo hicho hukaa kwa muda, kisha hutoka chenyewe ngozi ya juu inapopukutika. Ndiyo sababu kizuia jasho hufanya kazi vizuri kikipakwa usiku, kwapa likiwa kavu na tezi zimetulia, kuliko asubuhi mtu anapotoka kuoga huku anakimbilia gari. Hata hivyo hakizibi kila kitu. Nchini Marekani, FDA, mamlaka ya chakula na dawa, inahesabu kizuia jasho kuwa ni dawa, na deodoranti kuwa ni kipodozi tu. Kiwango kinachotakiwa ili bidhaa iitwe kizuia jasho ni kupunguza jasho kwa angalau asilimia 20. Wenye kuandika kwamba chao kina nguvu zaidi wanatakiwa kufikisha 30. Sehemu kubwa ya jasho, kwa maana hiyo, inaweza kuendelea kutoka, na mtu akajihisi mkavu.

Sasa harufu. Jasho linapotoka tu halinuki. Mwili una tezi za jasho za aina mbili: zile zilizotapakaa mwili mzima, zinazotoa maji na chumvi ili kutupoza, na zile za kwapani na kinenani, zinazotoa majimaji mazito yenye mafuta na protini. Hizi za pili hulala mpaka mtu abalehe. Mtoto wa miaka sita akicheza mpira juani kutwa nzima anarudi ananuka vumbi na nyasi, hanuki kikwapa. Ipite miaka sita au saba, mama yake anamwita pembeni na kumkabidhi sabuni yake mwenyewe. Kilichobadilika ni kwamba tezi zimeamka, na bakteria wanaoishi kwapani, hasa wa jamii za Corynebacterium na Staphylococcus, wamepata chakula. Kile wanachokiacha baada ya kula ndicho kikwapa.

Kwa hiyo anayehama anafanya mambo mawili kwa pamoja. Anafungua maji aliyokuwa ameyabana, na anawarudishia bakteria shamba lao. Mwaka 2016 watafiti wa North Carolina, Marekani, walichapisha utafiti mdogo wa watu 17 waliofuatiliwa kwa siku nane. Waliozoea vizuia jasho walianza na bakteria wachache kwapani, na walipoacha, bakteria waliongezeka, hata kufikia siku ya sita wakawa wanakaribiana kwa wingi na watu wasiopaka kitu. Wauzaji wa deodoranti za asilia wanazijua siku hizo vizuri na wamezipa jina, kipindi cha mpito. Wengi humwambia mteja avumilie wiki mbili mpaka nne.

Kipindi hicho kipo kweli, lakini maelezo yanayoambatana nacho mara nyingi si ya kweli, na jambo hili linaniudhi kwa sababu linauzwa. Utaambiwa kwapa "linatoa sumu" zilizolundikana miaka yote, kisha utauziwa udongo wa kupaka ili zitoke upesi. Kazi ya kutoa taka za mwilini ni ya ini na figo. Kwapa halihifadhi sumu. Unaloliona ni jasho lako la kawaida ambalo hujaonana nalo siku nyingi.

Halafu kuna hilo neno asilia. Chukua shabu. Watu wa pwani tunaijua, lile jiwe jeupe linalong'aa, ambalo bibi zetu walizungusha kwenye maji ya tope mpaka uchafu ukazama chini, na kinyozi akapitisha shavuni baada ya wembe. Wengi walilowesha kipande chake na kukisugua kwapani baada ya kuoga. Leo jiwe hilohilo linachongwa likawa laini, linatiwa kwenye kasha na kuuzwa Ulaya na Marekani kama deodoranti ya asilia. Asili yake ni madini ya ardhini, kweli. Lakini shabu ni chumvi ya potasiamu na alumini. Mtu aliyehama kwa ajili ya kukimbia alumini akanunua jiwe la shabu, hajaikimbia. Haizibi vitundu kama zile chumvi za kwenye rolon, inachofanya zaidi ni kuwaharibia bakteria mazingira, na kwa hilo ni nzuri. Mimi naipenda. Nataka tu anayeinunua ajue anachonunua.

Zile za vikopo nazo zina mambo yake. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzijoto 24 hivi, na kwa joto la Dar au Mombasa hiyo ni asubuhi ya kawaida, kwa hiyo kopo lililotoka kiwandani likiwa gumu kama samli ya baridi utalifungua likiwa uji, na unga wote umetuama chini. Nta ya nyuki huongezwa kulishikilia. Unga huo huwa wanga wa kunyonya majimaji pamoja na bekingi soda ya kuzima harufu, na soda ndiyo inayowaponza wengi. Ngozi yenye afya ina uchachu kidogo, na soda inaivuta kwenda upande mwingine. Wiki ya pili au ya tatu kwapa linaanza kuwasha, linakuwa jekundu au jeusi, linachubuka. Huo si mpito, ni ngozi inakataa, na kuvumilia kunaongeza jeraha. Wapo wanaotengeneza bila soda, wakitumia hidroksidi ya magnesiamu, na ngozi nyingi huipokea vizuri zaidi. Wanaojitengenezea nyumbani nawasihi wasidhani magadi ya kuivishia maharage ni sawa na bekingi soda. Magadi ni makali mno, yanaunguza. Na ndimu, ambayo tumeirithi kwa wazee, huua harufu kweli, lakini usiipake siku uliyonyoa.

Kwa nini mtu ahame, basi? Wengi wanasukumwa na hofu ya saratani ya matiti, na hofu hiyo haistahili kudharauliwa, kwa kuwa wengi tumezika watu. Ushahidi uliopo hauiungi mkono. Utafiti uliotoka mwaka 2002 nchini Marekani ulilinganisha wanawake 813 wenye saratani ya titi na 793 wasio nayo, na haukuona uhusiano na vizuia jasho. Kamati ya kisayansi ya Umoja wa Ulaya inayochunguza usalama wa vipodozi ilisema mwaka 2020 kwamba alumini kwenye bidhaa hizi ni salama kwa viwango ilivyovitaja, kwa kuwa inayopenya ngozi ni kidogo sana. Mwenye ugonjwa wa figo ni habari tofauti. Vizuia jasho vya Marekani huandikwa onyo kwamba aongee kwanza na daktari, kwa sababu figo ndizo zinazoitoa alumini mwilini.

Sababu nyingine zina uzito wake. Wapo ambao rolon inawatoa vipele. Wapo waliochoka na lile doa la njano kwapani mwa kanzu nyeupe au shati la shule, gumu kama karatasi hata baada ya kufuliwa, ambalo mara nyingi hutokana na alumini kukutana na jasho. Na wapo wanaotaka tu kutumia vitu vinavyotoka shambani kwao. Upande wa pili kuna mtu ambaye jasho linamchuruzika mikononi na kwapani hata akiwa amekaa kivulini, kiasi cha kuogopa kuinua mkono darasani. Huyo kizuia jasho ni tiba yake, na nisingemshauri akiache kwa sababu ya mtindo wa wakati.

Mtoto wa dada yangu aliendelea. Nilimwambia aogee sabuni kwapani mara mbili kwa siku, ajikaushe vizuri kabla ya kupaka, anyoe, na aache zile blauzi za polista kwa mwezi mmoja, kwa kuwa polista hushika harufu kuliko pamba. Kopo analiweka kwenye friji, pembeni ya mayai, na mama yake ameshalikoroga mara moja akidhani ni samli. Bado analowa akifika Posta. Siku hizi anabeba kitambaa mkobani, anajifuta kabla ya kuingia ofisini.